Koleo Liweke Chini: Njia ya Kuusomea Ubingwa wa Maumivu ya Uso Ukitokea Lamu

Bibi mmoja wa Pate ndiye aliyenitia katika kazi hii, na aliilipia kwa magego mawili.

Alikuja kwa boti ya asubuhi, mtandio kaushikilia shavuni upande wa kulia kana kwamba ana yai kinywani. Nilikuwa sijatimiza miaka miwili tangu nipate leseni ya udaktari wa meno. Akaniambia maumivu yake si ya kuwanga wala ya kupwita, ni umeme. Unapiga, unaondoka, unapiga tena. "Nikitawadha," akasema. "Maji yakifika hapa tu." Akaonyesha kando ya pua, kidole kimesimama mbali na ngozi. Maneno niliyasikia, lakini macho yangu yalikuwa kinywani: gego la chini limetoboka kidogo. Nikachoma sindano ya ganzi, nikang'oa. Baada ya wiki mbili akarudi, nikang'oa la pili yake. Mara ya tatu hakukaa hata kwenye kiti. Alisimama mlangoni akasema, "Mwanangu, upande huu meno ya kung'oa yamekwisha. Huu umeme watoka wapi?"

Alikuwa ameshamwendea shekhe wa kwao kuuliza kama anaweza kutayamamu, yaani kutumia mchanga badala ya maji. Aliruhusiwa, lakini kutayamamu nako kuna kupangusa uso. Pepo za kusi zikianza hatoki nje. Mswaki upande ule hajautia kwa miezi. Yote hayo alikuwa amenieleza tangu siku ya kwanza, na kila neno lilikuwa jawabu. Mimi nilikuwa natafuta shimo.

Usiku ule nilifungua vitabu vyangu vya chuo nikakuta ukurasa mmoja na kitu juu ya ugonjwa wa neva ya tano, ile neva kuu ya uso: maumivu ya upande mmoja, ya ghafla kama shoti ya umeme, ya chini ya sekunde moja hadi dakika mbili, yanayoamshwa na mguso mwepesi kama kunawa, kupiga mswaki, kutafuna, upepo. Ukurasa mmoja, na koleo tulifundishwa miaka. Asubuhi nikampigia bingwa wa neva aliyeko Mombasa. Akaniambia: mpime damu na sodiamu, umwanzishe kabamazepini miligramu 100 mara mbili kwa siku, umpandishe taratibu, kisha umlete apigwe picha ya MRI tuone kama kuna mshipa wa damu unaoikandamiza hiyo neva, au uvimbe. Siku ya nne mjukuu wake akanipigia: bibi katawadha, kaswali alasiri. Habari ya magego hakuiuliza, wala bibi mwenyewe hajawahi kuniuliza hadi leo.

Sasa kuna kijana wa Malindi, daktari wa meno mwenzangu, anayetaka kwenda kusomea ubingwa huu, na kila akija Lamu tunakaa kwenye kahawa naye ananiuliza habari za fomu. Fomu nitazifikia. Kwanza namrudisha nyuma, kwa sababu anayeanza na fomu hupata barua ya kukataliwa, na anayepata nafasi bila matayarisho huenda kuaibika. Mimi yote mawili yamenipata.

Kazi yenyewe ni ipi

Ni tawi la udaktari wa meno linaloshughulika na maumivu ya kinywa, taya, uso, na yale ya kichwa na shingo yanayofungamana nayo: misuli ya kutafuna, kiungo cha taya, neva, kipandauso kinachojifanya jino, kusaga meno usiku, na usingizi unaokatika kwa kukosa pumzi. Marekani, chama cha wataalamu wake kipo tangu 1975, lakini kutambuliwa rasmi kuwa tawi la ubingwa wa meno, la 12, kulikuja 2020. Brazili walikuwa wameshalitambua 2002. Kwa hiyo usione haya ukikutana na daktari wa miaka mingi ambaye hajalisikia.

Mtu akija na jino bovu, jino ni bovu, litibu. Ubingwa huu ni wa yule mtu mwingine: aliyetibiwa mzizi, akang'olewa, akawekewa daraja, na bado anakaa macho usiku ameshika shavu.

Anza na daftari, na maneno ya watu

Nunua daftari kubwa la shule, lile la jalada gumu. Kila anayekuja na maumivu usiyoyaelewa, andika alivyosema yeye, kwa lugha yake. Usimtafsiri. Ukiandika "maumivu makali" umeandika bure.

Kiswahili kimetupa hazina hapa na wengi wetu tunaikalia. Kuna kuwanga, na mtu wa Amu, ndiyo Lamu, atakwambia "kitwa chaniwanga", basi elekeza fikira kwenye kichwa na misuli kabla ya jino. Kuna kupwita, mapigo kwa mapigo pamoja na moyo, ambako mara nyingi utakuta jino lililovimba ndani, lakini kipandauso nacho hupwita, kwa hiyo uliza kama mwanga unamkera na kama anasikia kichefuchefu. Kuna kuchoma, kukeketa, kufukuta kama makaa chini ya majivu. Kufukuta kusikokoma, mahali ambapo jino lilishang'olewa zamani na ufizi umepona vizuri, hunifanya nifikirie neva iliyojeruhiwa. Kuna kukaza, na huyo mara nyingi ataweka kiganja kizima shavuni. Mwenye jino huonyesha kwa ncha ya kidole. Hii si sheria, ila nimeiona mara nyingi mno kuipuuza.

Halafu uliza haya, na uulize polepole. Maumivu yalianza lini, na siku hiyo kulikuwa na nini nyumbani? Yakija hudumu kiasi gani: kufumba na kufumbua, muda wa kunywa kikombe cha chai, au kutwa? Nini huyaleta? Nini huyatuliza? Unalala saa ngapi, na anayelala karibu nawe anasikia nini? Meno gani yameshang'olewa kwa ajili ya maumivu haya haya? Swali la mwisho nalipenda zaidi. Ukichora meno yaliyoondoka utapata ramani ya mahali ambapo madaktari walikisia, na mara nyingi utaona wamekuwa wakiyafukuza maumivu kutoka gego hadi gego kama mtu anayemfukuza paka chumba kwa chumba.

Miezi sita ya daftari la namna hiyo ina uzito kuliko vyeti vya semina za mwishoni mwa wiki. Kuhusu hizo semina, maoni yangu ni haya: nyingi hukufundisha kuuza kitu cha plastiki cha kuvaa mdomoni. Nenda kama unataka chakula cha mchana.

Fundisha kidole chako kilo moja

Jambo hili unaweza kulianza kesho. Mwongozo wa kupima maradhi ya taya unaotumika duniani, DC/TMD, uliotolewa 2014, unataka misuli ya kutafuna ikandamizwe kwa uzito wa kilo 1, na ncha ya nje ya kiungo cha taya kwa nusu kilo. Shikilia sekunde 2; ukitaka kujua kama maumivu yanasafiri kwenda mahali pengine, shikilia 5. Sasa kidole chako kitajuaje kilo moja?

Mimi nilikwenda kwa muuza haluwa wa Langoni mwenye mizani ya sahani mbili. Nikamwomba aweke jiwe la kilo upande mmoja, nami nikakandamiza upande wa pili kwa ncha ya kidole cha shahada mpaka sahani zikalingana. Akanitazama. "Dokta, wanunua haluwa au wauza kidole?" Nilirudi kwake kila jioni kwa wiki nzima, kwanza nikitazama sahani, kisha nikifumba macho, hadi mkono ukashika. Nusu kilo ilikuwa ngumu zaidi, kwa sababu kidole kilichozoea kilo kina kiburi.

Siku ya mwisho nikamwambia sasa nitampima yeye. Alikuwa na miraa shavuni, kama ilivyo kila jioni. Nikamwambia ateme, aume meno kidogo nijue msuli ulipo, aulegeze. Nikakandamiza msuli mnene wa taya, karibu na pembe ya chini. Akaruka. Na hapa ndipo mafunzo yote yalipo: usimwulize "Inauma?" Ukimkandamiza mtu yeyote kwa kilo moja ataumia kiasi. Muulize, "Haya ndiyo maumivu yako, yale unayoyajua?" Akanyamaza kidogo, akasema, "Hilo ndilo jino langu." Kidole changu kilikuwa juu ya msuli, na gego la juu lililokuwa linamsumbua tangu mfungo sita lilikuwa zima kabisa. Msuli huo hupeleka maumivu kwenye magego, na msuli wa panja huyapeleka kwenye meno ya juu. Mtu asiyejua hilo hutoboa meno mazima.

Pima na mdomo unavyofunguka. Rula ya milimita, kutoka ukingo wa jino la mbele la juu hadi la chini, uongeze na pale meno ya juu yanapoyafunika ya chini. Milimita 40 na kuendelea ni sawa. Chini ya hapo, andika, kisha umfungue taratibu kwa vidole uone kama unaongezeka. Ukiongezeka, shuku misuli. Ukigoma kama mlango uliofungwa kwa komeo, shuku kiungo chenyewe.

Na itumie sindano ya ganzi kama swali. Jino linalolaumiwa litie ganzi, ungoje, kisha uulize. Maumivu yakibaki vile vile, jino hilo si mwenyewe, na koleo halina kazi hapo. Kama ningefanya hivi kwa bibi wa Pate nisingekosa kila kitu, ingawa hapa nawe uwe na tahadhari: ganzi inaweza kuzima sehemu inayoamsha ule umeme, akatulia kwa saa moja, nawe ukajipongeza kwa kosa.

Wale usiotakiwa kuwakosa

Jirani yangu mmoja, mzee, alinisimamisha kwenye ujia akaniambia gego la chini la kushoto linamuuma. Lini? Akipanda ngazi kwenda darini. Nyumba za mawe za hapa ngazi zake mnazijua, zimesimama kama ngazi za minazi. Akifika juu taya linauma, akikaa linatulia, akishuka haliumi. Jino gani linalojua kuhesabu ngazi? Sikumfungua hata mdomo. Nilimpeleka hospitali ya King Fahd siku ile ile wakampima moyo, na moyo ndio uliokuwa ukilia.

Kwa nini moyo ulie tayani? Fikiria gati ya Mokowe. Boti zinatoka Amu, Pate, Kizingitini, Ndau, zote zinashusha mizigo palepale. Aliyesimama juu ya gati na kuona gunia tu hawezi kujua limetoka kisiwa gani. Neva ya tano ya uso, neva tatu za juu za shingo, na nyuzi zinazopanda kutoka kifuani hushusha habari zao kwenye kiini kimoja chini ya ubongo. Ubongo huona gunia, hukisia kisiwa, na mara nyingine hukosea. Ukilielewa hili vizuri, nusu ya masomo ya mwaka wa kwanza umeshayasoma.

Wengine wa kuwakariri: mtu wa zaidi ya miaka 50 mwenye maumivu mapya ya panja, taya linalochoka akitafuna, na macho yanayofifia, huyo ni wa haraka leo hii kabla hajapofuka. Ganzi ya kidevu isiyo na sababu inaweza kuwa saratani. Kijana mwenye umeme wa uso kama wa bibi yangu, hasa pande zote mbili, apigwe picha ya ubongo bila kuchelewa.

Sasa fomu

Mafunzo ya Marekani yasipungue miezi 24, na yawe yamekaguliwa na CODA, tume inayosimamia ubora wa masomo ya meno huko. Orodha yao iko wazi kwenye mtandao. Isome mwenyewe, usisikilize ya kuambiwa. Utaona Chuo Kikuu cha Kentucky kule Lexington, UCLA, Minnesota, North Carolina, Rutgers, hospitali ya Massachusetts General ya Boston, na wengine. Chuo nilichosomea mimi sikitaji, kwa sababu nitakisifu kupita kiasi halafu nyote mtume maombi hukohuko.

Nafasi ni chache, pengine mbili tatu tu kwa mwaka mahali pamoja. Maombi mengi hupitia mfumo uitwao PASS, unaofunguliwa karibu na Mei kwa masomo ya mwaka unaofuata, lakini si wote wanaoutumia. Wengine wanataka uwaandikie wao moja kwa moja. Mara yangu ya kwanza nilituma sehemu nne. Mbili kati yake zilikuwa zinapokea waliosomea Marekani au Kanada tu, na lilikuwa limeandikwa kwenye ukurasa wao, mstari wa pili. Ada zilikwenda na maji. Soma mstari wa pili.

Matokeo yako ya chuo yatatakiwa yapimwe somo kwa somo kwa viwango vya Marekani na shirika kama ECE au WES, na chuo chako kiyatume chenyewe, si wewe kwa mkono wako. Anza jambo hili mapema kuliko unavyodhani, mwaka mzima si mwingi. TOEFL, mtihani wa Kiingereza, huisha nguvu baada ya miaka miwili, kwa hiyo usikimbilie kuifanya. Baadhi wanataka na mtihani wa kuingilia masomo ya juu ya meno, uitwao ADAT. Barua za kukusifia, hakikisha moja inatoka kwa mtu asiye wa meno. Yangu ilitoka kwa yule bingwa wa neva wa Mombasa, nikaambiwa baadaye ndiyo waliyoisoma mara mbili.

Insha yako isianze na utoto. Anza na mgonjwa mmoja kutoka kwenye lile daftari, na uchague uliyemkosea. Kwenye usaili waliniuliza swali hilohilo. Ulikuwa kwa video, saa tisa alasiri kwao, saa nne usiku kwetu, mwezi wa Oktoba. Nilikuwa nimeweka betri ya akiba kwa kuogopa umeme kukatika. Umeme haukukatika, ila punda wa jirani akaanza kulia chini ya dirisha na hakuwa na haraka. Maprofesa watatu wakangoja. Mmoja akauliza kuna nini, nikamwambia ndiyo gari letu la wagonjwa. Wakacheka, nami nikawaeleza habari ya bibi na magego yake, moja kwa moja bila kujitetea. Sijui ni punda au ni bibi, lakini nafasi nilipata.

Pesa ni jambo la kusemwa wazi. Programu nyingine hukulipa posho, nyingine zinakudai makumi ya maelfu ya dola kwa mwaka, na zote mbili zinaweza kuwa nzuri. Uliza kabla ya kuomba: nalipwa au nalipa, na mwaka wa pili je? Mimi nililipa mwaka wa kwanza kwa mchango wa ndugu na akiba yangu yote, wa pili nikapata posho ya kulala na kula. Viza ya F-1, ya mwanafunzi, ilinigharimu dola 350 za SEVIS, daftari lao la wanafunzi wa kigeni, peke yake, mbali na ada ya ubalozi kule Nairobi. Ukipewa J-1, viza ya mpango wa kubadilishana, uliza kama utabanwa na sharti la kurudi nyumbani miaka miwili. Kwangu lisingekuwa adhabu.

Mawili ya kutosahau. Kumaliza ubingwa hakukupi ruhusa ya kufungua kliniki popote Marekani. Kila jimbo lina sheria yake. Na kabla hujapanda ndege, liandikie baraza la madaktari la Kenya, KMPDC, uulize sifa hiyo itasajiliwaje ukirudi. Uliza kwa maandishi, upate jibu kwa maandishi.

Miaka miwili yenyewe

Mgonjwa wangu wa kwanza kule nilimaliza kumhoji kwa dakika 12, nikatoka kifua mbele. Mwalimu wangu akasoma nilichoandika, akaniuliza swali moja: "Analalaje?" Sikujua. Akanirudisha. Nikakaa naye saa nzima, nikatoka na kurasa tatu, na jawabu lilikuwa kwenye ukurasa wa tatu.

Sehemu kubwa ya muda ni wagonjwa. Utazunguka kwa madaktari wa neva, wa maumivu ya kichwa, wa baridi yabisi, wa usingizi, wataalamu wa viungo, na wa saikolojia. Hawa wa mwisho niliwadharau kwa miezi mitatu, kisha nikawa naenda kwao hata siku isiyo zamu yangu. Utachoma sindano kwenye mafundo ya misuli, utazima neva ya kisogo kwa ganzi, utajifunza dawa ambazo daktari wa meno wa kawaida haziandiki: amitriptilini kwa dozi ndogo ya usiku, gabapentini, na lini usiziandike. Utapewa uainishaji wa maumivu ya uso wa kimataifa, ICOP, wa 2020, na utaulizwa kila asubuhi. Mwaka huohuo chama cha kimataifa cha utafiti wa maumivu, IASP, kilirekebisha maana ya neno lenyewe na kusema kwamba maumivu siku zote ni ya mtu binafsi, na anayesema anaumwa aheshimiwe. Nilibandika maneno hayo juu ya kitanda changu.

Jambo utakaloonywa sana ni kuchonga meno ili "yakutane vizuri". Ukishachonga huwezi kurudisha. Anza na kinachoweza kutenduliwa.

Baada ya kumaliza unastahili kufanya mtihani wa bodi ya Marekani, ABOP, wa kuandika na wa kuhojiwa. Ufanye mapema, kichwa kingali moto.

Ukirudi

Hutakuta kliniki ya kule. Utakuta kiti kimoja, feni, na foleni ya watu wa kung'olewa. Mimi natenga asubuhi mbili kwa wiki, na kila mgonjwa wa maumivu napanga saa moja. Nimekubaliana na mwenye duka la dawa asiishiwe kabamazepini, kwa sababu basi la Mombasa likichelewa mtu wangu asikatize dawa ghafla.

Tiba nyingi hazina mashine. Namwambia mgonjwa: midomo ifungwe, meno yaachane. Meno hukutana wakati wa kula na kumeza tu, saa nyingine zote yapumzike. Ulimi uuweke pale unapougonga ukitaka kusema "nazi". Tamka "n", ubaki hapohapo. Hilo hulegeza taya lenyewe, na watu hulishika, kwa sababu nazi hawaisahau. Kitambaa cha maji ya moto shavuni, dakika 15 hadi 20. Pweza, miwa, kashata na mahindi ya kuchoma viwekwe kando kwa wiki kadhaa. Miraa ndiyo vita. Ukimwambia mtu aache atakuitikia "inshallah" na utamkuta jioni ufukweni palepale. Nilianza kuomba kidogo: abadilishe shavu, aache chingamu anayochanganya nayo, na saa nne ziwe mbili. Muuza haluwa alikubali mawili kati ya matatu.

Tatizo gumu zaidi ni malipo. Mtu amekaa nawe saa nzima, umemgusa shavu, umemfundisha kusema "n", halafu unamwambia bei. "Dokta, na jino hukung'oa?" Nilijaribu kueleza, haikusaidia. Kinachosaidia ni kadi. Siku ya kwanza pima mdomo mbele ya kioo, mgonjwa mwenyewe aione rula, uandike milimita kwenye kadi yake, na maumivu kwa alama kutoka 0 hadi 10, kisha umpe kadi aende nayo. Nahodha mmoja alianza na 28. Baada ya wiki tatu alikuwa na 37, akaishika rula mwenyewe, akajipima mara mbili, akalipa ya siku ile na ya mara iliyopita aliyokuwa amegoma kulipa, kisha akaenda zake na rula. Kwa hiyo unaponunua, nunua mbili.